Acheni Kumwambia Buda Atembee

Wasee, kabla mpite: kama kuna mtu kwenu ana sukari, na mguu wake mmoja umevimba, ukiushika una joto kuliko ule mwingine, na yeye anasema "hauumi sana, nadhani niliteguka tu," huyo mtu akae chini sasa hivi. Asiukanyage huo mguu. Apelekwe hospitali leo, si Jumatatu, si mwisho wa mwezi mshahara ukiingia. Na apelekwe na gari hadi mlangoni, asipige mguu kwenda stejini.

Hiyo ndiyo habari kubwa. Wenye mmebaki, wacha niwaeleze kwa nini nina hasira.

Kuna ugonjwa unaitwa mguu wa Charcot. Tamka Shako, ni jina la Mfaransa. Buda yangu anao, mguu wa kushoto, na wake ni ule mbaya, kifundo chenyewe kimelegea. Mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili na hata kozi yenyewe haikuwa ya udaktari, kwa hivyo msinikujie na "wewe ni nani". Mimi ni mtu ambaye ameishi na huo mguu nyumba moja huu mwezi wa kumi na moja. Nauosha, naupima, na nimeuliza maswali kwa kila mtu mwenye koti jeupe aliyesimama dakika mbili.

Msimamo wangu ni huu. Matibabu makubwa ya huu ugonjwa si tembe, na mara nyingi si upasuaji. Ni kutokanyaga. Kwa miezi. Na sisi wote, kuanzia majirani hadi waajiri hadi machali wa mazoezi huku mtandaoni, tumepanga maisha ya mgonjwa kiasi kwamba hicho kitu kimoja ndicho hawezi kukifanya.

Iko hivi. Sukari ikikaa juu miaka na miaka inaharibu neva, na zile ndefu ndizo huumia kwanza, ndiyo maana shida huanzia vidole vya miguu. Inaanza na ganzi, miguu kuwaka usiku, kudungwa sindano. Halafu kimya, na watu hudhani kimya ni kupona. Sasa mtu asiyesikia mguu wake akikosea ngazi moja, au akisimama tu masaa kumi na mawili, kitu kidogo kinavunjika ndani. Mimi na wewe tungechechemea. Yeye anaendelea na siku. Mwili unamwaga damu pale, mguu unavimba, na huo uvimbe unaamsha seli zinazokula mfupa kuwashinda wale wajenzi wake. Mfupa unakuwa laini. Anakanyaga tena. Ule laini unavunjika tena, viungo vinahama mahali pake, uvimbe unazidi. Kinachoendesha mzunguko wote ni hatua zake mwenyewe.

Si ati hakuna maumivu kabisa. Wengi husikia kitu. Ni vile kile wanachosikia ni kidogo sana ukilinganisha na uharibifu ulio ndani. Buda alikuwa na mifupa iliyosagika na akaniambia "inanikera kidogo".

Halafu kuna hii ya rangi. Vitabu vinasema mguu wa Charcot unakuwa mwekundu. Sawa, lakini kwa ngozi nyeusi huo wekundu unaweza kujificha kabisa. Ukingoja kuuona utangoja sana. Tumia mkono. Shika miguu yote miwili kwa wakati mmoja, sehemu ileile, usikie joto.

Kliniki ya kwanza mtaani ilimpa antibayotiki, ikisema ni maambukizi. Ya pili ikasema ni gauti, aache nyama, kana kwamba tulikuwa tunakula nyama. Sitawataja, na kusema ukweli hata nchi zenye hela huu ugonjwa hukosewa sana, kwa sababu unafanana na maambukizi, na gauti, na damu iliyoganda kwa mshipa, na kuteguka. Eksirei ya siku za mwanzo inaweza kutoka safi, hakuna mfupa umevunjika, mnarudi nyumbani mkishangilia. MRI ndiyo huona mapema, na unajua bei yake. Lakini kuna kitu cha bure ambacho daktari aliyejua kazi yake alitufanyia baadaye: alimlaza buda, akauinua mguu juu kwa dakika kadhaa. Rangi ikapungua. Kama ni maambukizi, mara nyingi rangi hubaki. Si uthibitisho, ni dokezo, lakini ni dokezo lisilohitaji hata shilingi.

Katikati ya hizo kliniki mbili, mtu akatuletea mama wa kukanda. Na shangazi akaleta karai la maji moto na chumvi. Naelewa, huo ni upendo, ndivyo tumelelewa. Lakini mguu usiosikia hauwezi kukwambia maji yanachoma, na mfupa uliolainika haukandwi. Karai nililikatalia mlangoni, shangazi akanuna wiki mbili. Akanune.

Jina lenyewe lilitoka kwa Jean-Martin Charcot, daktari wa neva wa Paris, ambaye mwaka 1868 alieleza viungo vilivyokuwa vikisambaratika kwa wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imewaharibu uti wa mgongo. Sukari iliunganishwa na mambo haya mwaka 1936, na daktari W. R. Jordan wa Marekani. Na ile plasta inayotumika leo kama tiba ya kwanza, ile inayogusa mguu wote kuanzia vidole hadi chini ya goti, ilitumika India kwa wagonjwa wa ukoma, ambao pia hupoteza hisia za miguu, na daktari Paul Brand akaipeleka Marekani. Nataja hii kwa sababu kila mtu huniuliza, "si kuna mashine huko ng'ambo?" Mashine gani? Tiba bora ya dunia kwa mguu wa Charcot uliowaka ni plasta. Mwaka 2023 kundi la wataalamu wa kimataifa wa miguu ya kisukari lilitoa mwongozo wake, na plasta hiyo ndiyo iliwekwa mbele. Dawa kadhaa za mifupa zilizowahi kujaribiwa, wakasema zisitumiwe kwa kazi hii. Kwa hivyo yule chali anayewauzia wazazi wenu unga wa mitishamba wa "kurudisha neva" anakula doo ya bure.

Na si plasta yoyote. Ile ya mtu aliyevunjika mkono kwa boli, unawekewa na kuambiwa urudi wiki sita, kwa mguu usiosikia inaweza kutoboa ngozi na hakuna atakayejua hadi harufu itoke. Hii hufungwa kwa ustadi, ikagawanya uzito, halafu inabadilishwa mapema, ya kwanza ndani ya siku chache, baadaye karibu kila wiki, kwa sababu uvimbe ukishuka plasta inalegea na kuanza kusugua. Kama harufu imebadilika, au kuna majimaji, au homa, au sukari imepanda ghafla bila sababu, usingoje miadi.

Sasa tufike pale panaponiuma. Madaktari wanasema "asikanyage" kama vile wanasema "asile pilipili".

Sisi tunakaa orofa ya nne. Lifti hakuna, na mkijua Nairobi mnajua hata swali lenyewe ni mchezo. Choo kiko mwisho wa korido, tunashiriki nyumba sita. Maji yakipotea, yako chini kwa tangi. Niliwahi kuhesabu: kutoka kitandani hadi chooni na kurudi ni hatua sabini na mbili. Mtu wa sukari ambaye dawa hazijakaa sawa anaenda chooni mara ngapi kwa siku? Mnaona. Bila kutoka nje, bila kufanya chochote, mtu anajivunja mguu kwa kwenda haja.

Magongo? Mtu mzito wa miaka hamsini na nane, miguu yote haisikii sakafu, umpe magongo kwa korido yenye maji ya kufulia. Alianguka siku ya tatu. Na hata asipoanguka, magongo yanahamishia uzito mguu wa pili, ambao nao una ganzi ileile na unaweza kupata Charcot yake. Tulichofanya ni kuchukua kiti cha plastiki, tukakata shimo katikati, ndoo chini. Hiyo ndiyo ilikuwa tiba kubwa kwetu, nasema bila utani. Ile ndoo iliokoa hatua nyingi kuliko dawa yoyote. Ilimvunja buda moyo kwanza, mzee mzima, mtoto wake anamwaga ndoo. Alikaa siku mbili hataki kula ili asiitumie. Mathe ndiye aliongea naye, sijui alimwambia nini.

Halafu majirani. Watu wazuri, wanaleta uji. Lakini kila anayeingia: "Mzee, usikae hivyo, damu italala. Tembeatembea kidogo." Na siku aliposimama mlangoni kuangalia mpira wa watoto, korido nzima ikafurahi, "ona, Mungu ni mwema, mzee anatembea!" Mi nilitaka kulia. Kwa huu ugonjwa, kutembea mapema si ushuhuda.

Na nyinyi wa mazoezi. Hatua elfu kumi kwa siku, changamoto ya kutembea siku thelathini, "peleka mzazi wako mwenye sukari matembezi". Kwa watu wengi wenye sukari kutembea ni poa, inasaidia kweli. Hakuna mtu anabisha. Ninachotaka ni sentensi moja kwenye hizo video: angalia miguu kwanza. Kama mmoja una joto na umevimba, changamoto ni kukaa. Sentensi moja, bana, haiwapunguzii wafuasi.

Kazi sasa. Buda ni soja, ni kusema alikuwa. Usiku masaa kumi na mawili, ndani ya gambuti, kusimama getini na kuzunguka ua. Hebu fikiria hiyo kazi kwa mtu asiyesikia nyayo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inasema ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo una haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku saba kwa mshahara kamili na siku saba kwa nusu mshahara, kila mwaka. Siku kumi na nne, na mwajiri akitaka kukupa zaidi ni roho yake. Plasta ya Charcot mara nyingi ni miezi mitatu hadi mwaka mzima. Kampuni yake, sitaitaja, ilifuata karatasi. Siku ya ishirini kulikuwa na soja mwingine getini. Kwa hivyo mtu anapewa chaguo: pumzisha mguu upoteze kodi, au rudi kazini upoteze mguu. Na wengi hurudi, halafu tunawaita wakaidi. "Mgonjwa hafuati maagizo." Maagizo yapi, na nani analipa?

Mimi ningependa kuona mtu mmoja mwenye kiti, wa bunge au wa kaunti, akihesabu hii. Miezi ya kumlisha mtu akiwa amekaa, weka upande mmoja. Upande wa pili weka vidonda, mfupa uliooza, kulazwa, kukatwa, mguu wa bandia, na mtu ambaye hatafanya kazi tena. Sihitaji digrii kuona upande mzito.

Sasa nieleze kulegea, kwa sababu wengi mkisoma juu ya Charcot mtaona tu ule mguu uliobonyea katikati ukawa kama chini ya boti. Hiyo ndiyo aina ya kawaida zaidi, mifupa ya katikati inaanguka, upinde unageuka chini, na pale penye mwinuko panatoboka kidonda. Mbaya, lakini wengi wao huweza kuishia na kiatu maalumu. Ikishika kifundo au nyuma karibu na kisigino, ni kesi nyingine. Hakuna kinachoshikilia mguu chini ya gongo la mguu. Wa buda unacheza kama mlango ambao bawaba zimetoka skrubu. Akiuweka chini unalala upande, na ile nundu ya mfupa wa kifundo ndiyo inagusa sakafu. Ngozi ya pale haikuumbwa kukanyagiwa. Kikipasuka kidonda pale, vijidudu viko kwa mfupa.

Kwa mguu wa namna hiyo kuna njia chache, na hakuna tamu. Ya kwanza ni buti gumu la plastiki lililotengenezwa kwa umbo la mguu wake, vipande viwili vinafungana kama ganda, limepambwa sponji ndani, linafika chini ya goti. Linashika kifundo kwa nje kwa sababu ndani hakishikiki. Ya pili ni kuunganisha: daktari anaondoa kiungo na kupitisha msumari mrefu kutoka chini ya kisigino hadi ndani ya mfupa wa mguu, au anaweka pete za chuma kwa nje zenye nyaya zinazopita mfupani, ili vyote vishikane kuwa kitu kimoja. Mguu hautakunja tena hapo, lakini unaweza kusimama. Shida ni kwamba unapiga skrubu kwa mfupa laini wa mtu mwenye sukari. Vyuma huvunjika, vidonda hukataa kupona, na baada ya upasuaji kuna miezi mingine ya kutokanyaga. Wakati mwingine mifupa haishikani kabisa lakini kovu linakaza kiasi cha kumwezesha mtu kuvaa buti, na madaktari huhesabu hiyo kuwa ushindi. Mi pia ningehesabu.

Ya tatu ni kukata chini ya goti. Hapa najua nitatukanwa, lakini sikubaliani na wale wanaolia tukilitaja hilo neno kama ni laana. Kuna mtu ambaye mfupa umeoza, amefanyiwa upasuaji mara tatu, miaka minne haijui kazi, na mguu wa bandia ungemsimamisha. Huyo akichagua, amechagua. Ninachokataa ni kukatwa kwa sababu hakukuwa na pesa ya plasta mwezi wa kwanza. Hayo si mambo mamoja. Na kumbukeni mguu unaobaki ndio unabeba kila kitu baadaye, kwa hivyo hata aliyekatwa hajamaliza na Charcot.

Kwa vijana wenye wazazi wa sukari kejani, hii sehemu ni yenu, kwa sababu macho ya mzazi yashazeeka na kuinama hawezi. Zile bunduki za kupima joto tulizoelekezewa usoni kila mlango wakati wa Korona, nyingi zimelala kwa droo. Zenye uwezo wa kupima kitu na si paji la uso pekee zinasaidia. Miguu ikae wazi kwanza dakika kama kumi, halafu pima sehemu zilezile kila upande: juu ya mguu, kando ya kifundo, chini. Andika. Tofauti ikizidi nyuzi 2 kati ya mguu na mguu, na ikirudia, piga simu kliniki. Haitambui ugonjwa, na kama miguu yote miwili imewaka itakudanganya, lakini kwa kufuatilia ni dhahabu. Buda alianza na 34.8 kushoto na 31.1 kulia. Jumapili iliyopita ilikuwa 32.0 na 31.2. Ina maana moto umezimika. Haina maana bawaba zimerudi.

Na ndula: kabla avae, ingiza mkono ndani ukague. Kokoto, msumari, kipande cha chupa, hawezi kukisikia. Akala zile za tairi nazipenda, ni utamaduni, lakini si za mguu huu. Mafundi wa Kariokor wanaweza kukushonea kiatu kipana na kirefu kwenda juu vizuri sana, sharti soli ya ndani itoke kwa mtu wa mifupa bandia aliyechukua umbo la mguu.

Tulipofika sasa: mguu umepoa, kifundo bado kinacheza. Daktari ametupa njia mbili, buti au msumari. Buda hakuuliza ipi inauma wala ipi ina hatari. Aliuliza ipi itamrudisha getini haraka. Daktari akamwambia ukweli, kwamba hakuna itakayomrudisha kwa kazi ya kusimama usiku kucha. Akanyamaza hadi tukafika nyumbani. Jana ndiyo ameniambia nimtafutie bei ya cherehani, kwa sababu kuna ile ya umeme ya kukanyagia mguu mmoja, na wa kulia anao.

Miadi ni Alhamisi. Jirani wa orofa ya pili ana Probox, na machali watatu wa base wamesema watambeba na kiti hadi chini.